Gari la Mama Halikurudi Nyuma

Kila Jumamosi, umande ukiwa bado kwenye majani ya maharage, Kavuo na mama yake walikuwa wameshafika kijiji cha Vuhovi kupakia kabichi. Wakulima walizileta kwa vikapu mgongoni. Kavuo alizipokea, akazipanga nyuma ya gari, kubwa chini na ndogo juu, kisha akapanda na kukaa juu yake. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na kazi yake ilikuwa kuangalia kabichi zisidondoke njiani. Kukiwa na jambo, alipiga bodi ya gari kwa kiganja, na mama yake akasimama.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu kuukuu ya Peugeot ya rangi ya maziwa, lenye turubai lililochanika. Lilikuwa la marehemu baba yake. Baba alipofariki, ndugu zake walikuja kulichukua wakisema mwanamke hawezi kuendesha. Mama yake Kavuo, Mama Jokébed, aliwasikiliza mpaka wakamaliza, akaingia garini, akawasha injini na kuondoka mbele ya macho yao. Tangu hapo hakuna aliyelidai tena.

Ilikuwa miaka ya vita. Waasi walitawala miji ya Butembo na Beni, mashariki mwa Kongo, Kinshasa ilikuwa kama nchi nyingine, na kila penye kilima askari walikuwa wamefunga kamba kwenye nguzo za miti kukatiza barabara. Hata hivyo watu walihitaji kula. Mama Jokébed alikuwa akisema kwamba vita ni vya wenye bunduki, yeye ana kabichi.

Jumamosi moja walikuwa karibu kuingia mjini. Kwenye mpando wa mwisho walikuta kamba, na Mama akasimama. Alivuta breki ya mkono akatoa kichwa dirishani kuwasalimia askari. Kavuo alikuwa ametazama nyuma. Aliona lori kubwa la bluu likipanda kwa kasi. Aliona pia kwamba dereva hakuwa akitazama barabara. Alikuwa amemgeukia mwenzake, wanacheka. Kavuo akapiga bodi kwa viganja vyote viwili.

"Mama! Lori!"

Mlio wa chuma ulimfika kabla hajamaliza. Alirushwa, akaanguka barabarani pamoja na kabichi, goti likachunika. Alipoinuka aliona bampa la nyuma limekunjika, mlango wa nyuma umeingia ndani, na gurudumu moja limelala upande. Kabichi zilikuwa zikibingirika kuteremka kilima.

Mama hakukimbilia gari. Alimkimbilia Kavuo, akampapasa kichwa, mikono, mbavu. Alipohakikisha mtoto ni mzima, ndipo akamgeukia dereva wa lori.

Dereva huyo aliitwa Gérard. Lori lilikuwa la tajiri mmoja ambaye mjini wengi walimwogopa. Gérard alishuka taratibu akitikisa kichwa.

"Mama, angalia kitu umefanya," alisema. "Gari yako imerudi nyuma, imenigonga."

"Mimi nimekugonga?" Mama aliuliza. "Kwa nyuma ya gari yangu?"

"Lakini ni mpando. Mwanamuke anaachia frein, ile breki, gari inarudi. Batu bote banajua ile," alisema, kwa Kiswahili cha Butembo ambacho watu ni batu.

Askari wa kwenye kamba walikuwa wameona kila kitu. Mama alipowaomba waseme, mmoja wao alitazama lori, akatambua ni la nani, akamwambia kwa Kilingala, "Mama, tika likambo." Alimaanisha aliache tu jambo hilo.

"Siachi," alisema Mama Jokébed.

Akaketi barabarani mbele ya magurudumu ya lori, akasema halitapita mpaka polisi wa barabara aje. Gérard alipiga honi, akatukana, akabembeleza. Magari mengine yalijipanga nyuma na abiria wakaanza kulalamika. Mama alikaa palepale akimfunga Kavuo goti kwa kipande cha kitenge. Mwishowe polisi akaja, akapima, akaandika: dereva wa lori anasema hivi, mama anasema hivi. Nani alisema kweli, hakuandika.

Gari lilivutwa hadi gereji ya fundi Kambere, mtaani Kimemi. Jumatatu baada ya shule, Kavuo alifuatana na mama yake kwenye ofisi ya bima, ambayo watu wa Butembo huiita asiransi. Kila mwenye gari alikuwa akilipa bima hapo, na lori pia lilikuwa na bima hapo. Mkuu wa ofisi aliitwa Bwana Bertrand. Serikali ilimtuma kutoka Kisangani kabla ya vita; vita vilipofunga njia, akabaki.

"Mama, ninakusikia," alisema, "lakini makao makuu iko Kinshasa. Na Kinshasa leo iko mbali sana. Utangoja vita iishe."

"Chef," Mama alijibu, akimaanisha mkuu, "siku munachukua feza yetu ya asiransi, Kinshasa iko karibu. Siku ya kulipa, Kinshasa inakimbia?"

Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi waliangua kicheko. Bwana Bertrand alijaribu kukaza uso akashindwa.

"Donc, basi, mimi nitakuja gereji Alhamisi kuangalia gari," alisema. "Lakini dereva pia nitamwita. Yeye anasema ni wewe ulirudi nyuma. Una shahidi?"

"Mutoto wangu aliona."

"Mutoto wako," alirudia Bwana Bertrand, kwa sauti ya mtu ambaye hakuhesabu jambo hilo kuwa ushahidi.

Jioni ya Jumatano, Mama na Kavuo wakiwapo, fundi Kambere alilizunguka gari mara kadhaa, kisha akasimama mbele yake. Taa ya mbele ya kushoto ilikuwa imevunjika. Haikuwa ajali ya lori. Wiki nyingi nyuma, huko Beni, askari mmoja alimtaka Mama ambebee mbao bure. Mama alikataa, naye akaivunja taa kwa kitako cha bunduki.

"Mama Kavuo," alisema Kambere, "na hii phare, hii taa, tuiweke ndani ya hesabu ya asiransi. Tutasema lori ilikusukuma, ukagonga mti wa kamba ya askari kwa mbele. Nani atajua?"

Kavuo alimtazama akitarajia atakataa palepale, kama alivyozoea kukataa. Lakini Mama alipitisha kidole kwenye kioo kilichovunjika, akasema polepole, "Ile askari alinivunjia, hakuna mutu alinilipa. Acha balipe."

Usiku ule Kavuo aliwaza kitandani. Mama yake hakuwa mwongo. Na taa ilivunjwa kwa uonevu, hilo ni kweli. Lakini si lori lililoivunja, na hilo nalo ni kweli.

Alhamisi Bwana Bertrand alifika gereji. Gérard alikuwa amefika mapema, amevaa shati safi, na aliposimulia alisimulia vizuri. Gari lilirudi nyuma, alisema, yeye alipiga honi, Mama hakusikia.

"Uongo!" Mama alifoka. "Frein ya mukono nilivuta!"

"Kila mutu anasema yake," alisema Bwana Bertrand kwa uchovu. "Kila siku ni vile." Alianza kulikagua gari, akafika mbele. "Na hii phare?"

Fundi Kambere alikohoa. "Iko ya aksida, ya ile ajali, chef. Lori ilisukuma gari, ikagonga mti ya barrière, pale kwa kamba."

Bwana Bertrand alimtazama Mama. Mama alitazama chini. Hapo yule mkuu akamgeukia Kavuo, akainama kidogo. "Wewe ulikuwa pale. Ni lori ilivunja hii taa?"

Kavuo aliona jicho la Kambere likimkonyeza. Aliona bega la mama yake limekakamaa.

"Hapana, Papa," alisema, kama watoto wa kule wanavyomwita mtu mzima. "Ile taa ilivunjika kabla ya siku ile. Ni askari wa Beni, na bunduki yake. Lori haikuvunja taa. Lori ilivunja nyuma tu."

Kambere alitupa spana chini. Gérard alitabasamu.

"Unaona, chef? Banadanganya! Mutoto mwenyewe anabaumbua!"

"Sijamaliza," alisema Kavuo. Alimgeukia Gérard. "Wewe hukupiga honi. Hukutazama mbele. Ulikuwa unacheka na mwenzako, uso iko kule. Mimi ndiye nilipiga gari, nikalia 'Lori!' Gari ya Mama haikurudi nyuma hata kidogo."

Bwana Bertrand alinyooka. Alimkazia Gérard macho.

"Huyu mutoto," alisema, "amesema kweli ile inaharibia mama yake. Nani alimulazimisha? Hakuna. Sasa mutu wa vile, akisema hukutazama barabara, mimi nimuite mwongo juu ya nini? Wewe, mwenzako ule wa kwa lori iko wapi? Tumulete, nimuulize peke yake."

Gérard alisema mwenzake amesafiri. Kisha akasema labda yuko sokoni. Kisha, alipoona Bwana Bertrand mwenyewe anaelekea sokoni kumtafuta, akashusha mabega. "Niligeuka kidogo tu," alinong'ona. "Bosi atanifukuza, chef."

"Ile utaongea na bosi," alisema Bwana Bertrand.

Bima ililipa uharibifu wa nyuma, kwa kuchelewa, na baada ya Mama kurudi ofisini mara nyingi hadi walinzi wakamjua kwa jina. Taa hawakuilipa.

Siku gari lilipotoka gereji, Mama alimketisha Kavuo mbele, pembeni yake. Hakuwasha injini.

"Siku ile nilikukasirikia," alisema.

"Najua, Mama."

"Nilikukasirikia sababu nilisikia aibu. Miaka yote ninabishana na batu bakubwa: bashemeji, baaskari, matajiri. Nilifikiri nguvu yangu ni mudomo." Alishika usukani kwa mikono yote miwili. "Sikia, mutoto wangu. Kama sisi tungebaki na uongo yetu, na Gérard na uongo yake, bureau ya asiransi ingeangalia tu nani iko mukubwa. Na sisi hatuko bakubwa. Hatuna bunduki, hatuna bosi. Mutu mudogo akitaka kukataa kuonewa, lazima mukono yake ikuwe safi, sababu bakipata doa moja tu, banamumaliza. Ukweli ile inakuumiza wewe, ndiyo inafanya batu baamini ile ingine. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama."

"Wasingya," alisema Mama kwa Kinande, asante, neno ambalo wazazi hawawaambii watoto wao kila siku.

Kisha akawasha injini, wakaondoka kwenda kutafuta kabichi.