Rahabu Aliulizwa Mara Mbili

Jamani, nyumba ya Zefania kule Myamba, milimani, ilikuwa na utulivu. Siku za kazi yuko kwenye shamba lake la tangawizi, Jumapili yuko kanisani anapokea sadaka. Kilichokuwa kwenye dumu nyuma ya magunia alikijua mkewe Rahabu peke yake. Ilikuwa dengelua, pombe ya miwa, na Zefania hakuweza kunawa uso kabla hajainywa.

Siku moja aliteleza shambani, akavunjika nyonga. Wakamteremsha hadi hospitali moja huko tambarare, akafanyiwa upasuaji na kulazwa chumba cha wagonjwa mahututi.

"Mama, mzee anatumia pombe?" Daktari Hedwiga alimuuliza Rahabu.

Rogathe, wifi yake Rahabu, dada wa Zefania, alikuwa amesimama papo hapo.

"Hapana. Ni mzee wa kanisa," Rahabu akajibu.

Siku ya tatu Zefania alianza kutetemeka na kulowa jasho. Akawa anaokota siafu wasiokuwepo kwenye shuka. Akang'oa mpira wa dripu, akamkodolea macho mkewe.

"Wewe nani? Toka!"

Rahabu akatoka. Hakusikia uchungu wala hofu. Alisimama tu ukutani kama aliyepigwa ganzi.

Daktari akamfuata. "Mama, kuchanganyikiwa huku kuna vyanzo vingi, na kila chanzo kina dawa yake. Nikikosea naweza kumdhuru. Nakuuliza tena: hanywi?"

Rogathe alikuwa kando, anamtazama Rahabu.

"Hajawahi kuonja."

Kesho yake mchana Zefania alishikwa na kifafa, akatapika, matapishi yakaingia mapafuni. Hapo ndipo Rahabu alipotamka neno dengelua. Daktari hakumgombeza. Alimchoma mgonjwa dawa inayotibu mwili ulionyimwa pombe ghafla, na mtetemeko ukatulia. Mapafu hayakupona. Baada ya siku mbili Zefania alifariki.

Msibani, mzee mwenzake wa kanisa, Elibariki, alisimama. "Ndugu yetu huyu hakuonja hata tone."

"Alikuwa anakunywa," Rahabu alisema kutoka mkekani, macho makavu. "Niliulizwa mara mbili."



FUNZO

Ndugu zangu, mgonjwa akianza kuweweseka wodini, msikimbilie kusema ni wazimu au amerogwa. Ni ugonjwa, na daktari hawezi kuchagua dawa sahihi kama tumemficha ukweli. Anywacho mtu wenu, pombe, vidonge au mitishamba, kisemeni siku ya kwanza. Mkiona aibu mbele ya ndugu, mwombeni daktari msogee pembeni.