Tarumbeta la Ndugu wa Alfajiri

Kabati lilikuwa wazi, tarumbeta halimo. Mahali pake palilazwa jani bichi la sale, limefungwa fundo.

Inspekta Digna wa polisi Moshi alilitazama jani lile, akajikuta anatabasamu. Kanisa lenyewe dogo, limezungukwa na migomba ya Marangu. Waumini wake, Ndugu wa Alfajiri, walibaki watano tu, wote wazee. Tangu enzi za babu zao, kila Ndugu alipozikwa alipigiwa tarumbeta lile kaburini. Na mchana huohuo watu wa makumbusho wangefika kulichukua, likahifadhiwe mjini.

"Shikamoo, mzee. Mlango umevunjwa?"

"Marahaba. Haujavunjwa," alijibu Mzee Thadeus, kiongozi wao. "Ni hao wanunuzi wa vyuma chakavu wa Majengo. Kawakamate!"

"Mnunuzi wa vyuma chakavu akuachie sale?"

Uchaggani nani asiyejua? Ukimkosea mtu, unampelekea sale kumwomba radhi, naye hawezi kukukatalia. Jamani, mwizi gani huyu, anaiba huku anaomba msamaha! Digna hakuhangaika hata na alama za vidole.

Aliwaita wote watano barazani, akawahoji mmoja mmoja. Hakuna aliyeona, hakuna aliyesikia. Bibi Eliona, mjane mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, aliapa kwamba alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

Digna akamvuta Mzee Thadeus pembeni, akamnong'oneza. Mzee alishtuka, kisha akakubali shingo upande. Alirudi barazani, akainua lile jani.

"Sale hili," alisema, "nimelikataa."

"Weee, Thadeus!" Bibi Eliona aliruka. "Umechanganyikiwa? Hata muuaji hakataliwi sale! Nimekuwekea kwa heshima, nimelifunga kwa mkono wangu mwenyewe, halafu..."

Akajiziba mdomo. Alikuwa amechelewa.

"Liko wapi, bibi?" Digna aliuliza taratibu.

"Zizini. Chini ya majani."

"Kwa nini ulilichukua?"

Machozi yalimlengalenga. "Mume wangu alizikwa kwa tarumbeta. Dada zangu wote vilevile. Mimi je? Nife huku limefungiwa kwenye vioo mjini, watu wanalipiga picha? Nizikwe kimyakimya? Naogopa, mwanangu. Kufa siogopi, naogopa hicho tu."

"Mbona hukusema, Eliona?" Mzee Thadeus alimuuliza.

"Ulishawaahidi wakubwa!"

Mzee aliketi karibu naye. "Nami nilidhani ninayeogopa ni mimi peke yangu." Akalitia lile jani mfukoni mwa koti. "Nimelipokea. Hao wa makumbusho wasubiri mpaka tuishe. Wewe nitakupigia mimi."

"Na wewe utapigiwa na nani?"

Kisha Bibi Eliona akamgeukia inspekta, akamkagua kuanzia kofia hadi viatu.

"Huyu hapa. Kifua anacho."

"Mimi, bibi? Mimi Mkatoliki!"

"Kwani nimekuuliza dini yako?"

Tarumbeta likatolewa zizini, likafutwafutwa. Digna alivuta pumzi, akapuliza kwa nguvu zake zote. Loo! Ng'ombe alikurupuka, kuku wakatawanyika migombani, na wazee watano wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Rudia," alisema Bibi Eliona, akijifuta macho kwa khanga. "Usiwe na haraka. Hatufi leo."