Kichwa Kilichokataa Kupona

Mvua ilikuwa imenyesha Bergen siku thelathini na tisa mfululizo, mpaka bata wa bustani ya jiji wakahamia barazani kwa benki, ndipo Eivind Tveiten na Sunniva Myhre walipogombania andazi.

Ilikuwa mchana, katika mkahawa wa hospitali, foleni imefika mlangoni. Andazi la mdalasini lilibaki moja kwenye sinia. Mikono miwili ikalifikia pamoja: mmoja mpana, wenye makovu ya fundi wa paa, mwingine mwembamba, unaonukia sabuni.

"Kaka, achia. Nimesimama tangu alfajiri."

"Na mimi nimenyeshewa tangu alfajiri. Tena si langu. Ni la binti yangu, leo anachomwa sindano ya mgongo."

Mwanamke akamtazama. Alivaa sare nyeupe na sweta ya kijani, nywele amezibana kwa kalamu.

"Ylva? Yule ambaye uso umelala upande mmoja?"

"Umemjuaje?"

"Mimi ndiye nesi nitakayemshika." Akaachia andazi. "Mpe akishamaliza. Na wewe baba, unywe kitu, umekuwa mweupe kuliko sahani."

Ylva alikuwa na miaka minane. Kupe alimuuma nyuma ya sikio huko kwa bibi yake, na wiki chache baadaye tabasamu la kushoto likagoma. Madaktari wakataka maji ya uti wa mgongo, waone kama ugonjwa umeingia kwenye mishipa ya fahamu. Sindano yenyewe ilikwisha kabla Eivind hajamaliza kusema "usiogope". Kisha Sunniva akamketisha baba mtu na kumwonyesha sindano mpya kama ile.

"Nyembamba, na ncha yake ni kama ya penseli. Haikati, inapenya. Nimepigana na Daktari Fjeld miaka miwili aniruhusu kuijaribu. Tundu likichelewa kuziba, maji yanavuja, na mtoto akisimama kichwa kinamuuma. Akilala kinatulia."

"Kama paa," Eivind alisema. "Ukipiga msumari mnene, andaa ndoo sebuleni."

Sunniva akacheka. Kwa kicheko kile Eivind alisahau alikoegesha gari, akalitafuta hadi Alhamisi.

"Nitakupigia kila siku saa kumi na mbili jioni," Sunniva akasema. "Nauliza maumivu, naandika. Kichwa kikipona, naacha kupiga."

Laiti asingesema hayo ya mwisho.

Siku tatu za kwanza kichwa kiliuma kweli. Ylva alilala chali na vitabu vyake vya picha, anakunywa juisi kwa mrija. Saa kumi na mbili simu ililia.

"Akiketi?"

"Kinauma."

"Akilala?"

"Kinapoa. Na wewe, umekula leo?"

"Hilo halimo kwenye fomu, baba Ylva."

"Liongeze."

Siku ya nne Ylva aliamka mzima. Akaenda uani kwenye trampolini, lile turubai la kurukia, akaruka juu mpaka majirani wa ghorofa ya pili wakawa wanampungia mkono. Jioni simu ikalia. Eivind alifungua kinywa aseme amepona, akakumbuka kwamba sauti ile isingerudi kesho.

"Bado kidogo," alisema.

Na kesho yake bado kidogo. Na keshokutwa.

"Nini hicho kinacholia hapo nyuma?" Sunniva aliuliza siku ya saba.

"Mashine ya kufulia."

"Mbona inacheka?"

"Ni ya kisasa."

Sunniva alicheka pia, kwa kuwa alitaka kucheka. Jioni hiyo waliongea saa nzima: mama yake Sunniva anayefuma soksi zisizomtosha mtu, jinsi jiji linavyopendeza likitazamwa toka juu ya paa. Fomu ilikuwa na mstari mmoja tu wa maelezo.

Siku ya kumi sauti yake ilikuja imelowa.

"Eivind, nimelazimika kumwambia Daktari Fjeld. Siku kumi ni nyingi mno. Jumatatu umlete Ylva. Watamlaza usingizi, wamtoe damu mkononi wamdunge damu hiyo mgongoni, izibe tundu. Na sindano yangu inarudishwa stoo. Nisamehe. Mimi ndiye niliyeileta."

Eivind alishika ukingo wa meza. Akikaa kimya, mwanawe atachomwa tena bure. Akisema, simu itanyamaza milele.

"Ylva alipona siku ya nne," alisema.

Upande wa pili kalamu ikasikika ikiwekwa mezani.

"Na mashine ya kufulia?"

"Ni yeye, anaruka."

"Mimi silali kwa kumhofia mtoto anayeruka?"

"Nilitaka upige tena, Sunniva."

"Ungesema hivyo. Kwani ni maneno mangapi? Watoto themanini na sita wamechomwa sindano hii. Wote wameandikwa kwa ukweli, isipokuwa wako."

Akakata.

Asubuhi Eivind alivaa shati lake la harusi za watu akaenda wodini. Daktari Fjeld, mrefu kama mlingoti, alikuwa kwenye kikao na wauguzi wote.

"Nimedanganya siku sita," Eivind alisema mlangoni. "Sindano haina kosa. Nilifanya hivyo kwa sababu ya mapenzi."

Daktari aligeuza fomu mbele na nyuma. "Kisanduku cha hilo hakipo," alisema. "Weka sahihi hapa."

Sunniva alisahihisha: siku ya nne, amepona. Masikio yalimwiva, hakuinua macho.

Sindano ikabaki wodini. Saa kumi na mbili zikaja, zikapita, tupu. Eivind alikula samaki wake akiitazama simu kama inadaiwa neno.

"Baba, mwambie kichwa kinakuuma wewe," Ylva alisema. Tabasamu lake la kushoto lilikuwa limeanza kurudi.

"Nimeacha uongo, mama."

"Si kinakuuma kweli?"

Upande wa pili wa jiji, Sunniva naye alikuwa akiishika simu saa ileile. Namba aliijua kwa moyo. Mtoto mzima hapigiwi, ndiyo kanuni, na kanuni ameiandika yeye.

Wiki ya tano, Jumamosi, Eivind alikuwa juu ya paa kwenye kichochoro cha nyumba za mbao. Chini akatokea mtu wa koti la mvua la njano.

"Eivind. Niambie jambo moja la kweli, linalokuaibisha."

Akafikiri, huku mvua inamtiririka shingoni.

"Naogopa urefu," akasema. "Miaka kumi na tisa kazini, sijawahi kutazama chini."

"Sasa unatazama nini?"

"Wewe."

Sunniva alikamata ngazi akaanza kupanda. Hatua ya saba akaganda.

"Na mimi naogopa," alisema.

"Basi kaa hapohapo."

Eivind akamfuata, akishuka polepole, macho wazi. Ngazi ilikuwa imeziba kichochoro kizima, na watu kumi na wawili wenye miavuli walisimama kimya wakisubiri, wala hakuna aliyeomba apite.