Mkono Uliokuwa Ukifuta

Kilichotangulia kuondoka kilikuwa nyusi.

Scolastica alikuwa amebandika picha ya binti yake, Glory, kwenye ukuta wa steshenari yake pale Kashaulili, ili wateja waone mfano wa paspoti saizi. Jumatatu aliikuta picha haina nyusi. Akasema ni wino. Jumatano masikio hayakuwapo. Ijumaa, Getrude, muuza vitenge wa mlango wa pili, alichungulia ndani akacheka.

"Shoga, hilo karatasi jeupe umelibandika la nini? Au ndo picha ya malaika?"

"Si ni Glory huyo."

"Glory yupi?"

Scolastica alidhani anataniwa. Getrude ndiye aliyempakata mtoto huyo siku ya ubatizo. Lakini usoni mwake hamkuwa na utani.

Scolastica akapiga simu shuleni, Glory alikokuwa akisoma kidato cha pili, bweni. Matroni alipekua daftari kwa muda mrefu.

"Mama, jina hilo halipo… Ngoja. Huyu hapa. Mbona mstari wake umefifia hivi? Nyie mlimsajili kwa penseli?"

Mume wake, Nestori, alikuwa amezikwa wiki tisa zilizopita. Miaka saba nyuma madaktari walisema moyo wake hautamaliza mwaka. Akamaliza saba. Scolastica alitoa misa ya shukrani, akapeleka mbuzi parokiani, akasimama mbele ya jumuiya na kushuhudia kwa machozi kwamba Mungu husikia. Nestori alikaa benchi la nyuma, macho chini. Watu walisema huo ni unyenyekevu.

Nestori alimwachia kompyuta ya duka, na desturi yake. Kila jioni kabla ya kufunga, Scolastica alifuta historia: kurasa zote zilizofunguliwa kutwa nzima, maombi ya kazi ya watu, matokeo yao ya mitihani, barua zao. "Siri ya mteja isilale dukani," Nestori alimfundisha. "Ila futa wewe, mke wangu. Mkono wako mwepesi." Na kila jioni alisimama nyuma yake, kiganja begani kwake, mpaka orodha iwe tupu. Scolastica aliuona huo ni upendo. Hata baada ya mazishi alifuta, na bega lilisikia kiganja.

Ijumaa hiyo umeme ulikatika alasiri, haukurudi. Ikawa jioni ya kwanza katika miaka saba ambayo hakufuta kitu.

Jumamosi asubuhi alipowasha, duka lilinuka kama bani la kukaushia tumbaku lililonyeshewa mvua. Alifungua historia. Juu kulikuwa na kurasa za wateja wa jana. Chini yake kulikuwa na mistari mingine, ya miaka saba iliyopita, iliyopaswa kuwa imefutwa zamani, na alijua mpangilio wa maneno ya mume wake kama alivyojua kikohozi chake.

*Mgonjwa wa moyo huishi miaka mingapi.*

*Mganga wa kuongeza umri.*

*Jini hupokea nini badala ya roho.*

*Mtoto anaweza kutolewa kidogo kidogo, mtu asijue?*

Na wa mwisho, wa jioni ileile aliyofundishwa kufuta:

*Mama akimtoa kwa mkono wake mwenyewe bila kujua, inahesabika?*

Vitufe vya kibodi vikaanza kubonyea. Hakuna aliyevigusa. Chini ya swali likatokea jibu, herufi moja moja.

*Inahesabika.*

Scolastica alirudi nyuma hadi mlangoni. Alifunga duka na kumfuata katekista Damiano, mwalimu wa dini parokiani, akamkuta anapalilia. Saa sita mchana wote wawili walikuwa mbele ya mashine, jua likiwaka nje, ndani harufu ikikaba koo.

"Kwa jina la Yesu," alisema Damiano kwa sauti ya chini, "toka, mwizi wewe."

Vitufe vikabonyea. *Mimi si mwizi. Nilipewa. Imebaki jioni moja tu. Mwambie afute. Asipofuta nitafuta mimi, na mimi sifuti taratibu.*

"Mwalimu," Scolastica alinong'ona, "niliitolea misa dhambi hii. Nilimpelekea Mungu mbuzi kwa ajili yake."

"Hukujua, Mama Glory."

"Yeye alijua. Alinishika bega akijua."

Damiano alitoa rozari mfukoni. Kisha akasema, "Mtu akija kuungama wizi, Padre humwambia kwanza akarudishe. Miaka saba ile ilipokelewa. Wewe hukuipokea, lakini iko nyumbani mwako. Kitu cha wizi hakiombewi, mama. Kinarudishwa."

"Nitairudishaje miaka?"

"Miaka yake hiyo umeihifadhi wapi?"

Ilikuwa kwenye folda moja ya kompyuta hiyo, yenye jina Nestori: picha zake zote za miaka saba. Alipoifungua, mlango wa bati uligongwa kwa ndani, mahali ambapo hapakuwa na mtu, na akasikia pumzi ya mgonjwa nyuma ya shingo na kiganja kile kikatua begani, kizito, kikimvuta, na sauti aliyoipenda ikamwambia Skola, mke wangu, usinifute, naogopa kule, na mbele ya macho yake zikapita picha za Pasaka saba, shamba la mpunga Usevya, Nestori akiimba besi kwenye kwaya, Nestori amembeba Glory aliyevunjika mkono, Nestori akicheka, na yeye akilia akitaja jina la mtoto wake kwa sauti, Glory, Glory, asije akalisahau, alibonyeza kufuta, akathibitisha, akabonyeza tena, mpaka folda ikawa tupu.

Kiganja kikatoka begani.

Harufu ikaisha. Ukutani, masikio yalikuwa yamerudi, na nyusi, na lile tabasamu la upande mmoja.

"Mwalimu, tazama! Mtoto amerudi!"

Damiano aliitazama picha, kisha rozari yake, kisha yeye.

"Amekua kweli," alisema. "Samahani, Mama Glory, uliniitia nini vile? Nimeacha jembe shambani."

Nje, Getrude alimwangalia kutoka kichwani hadi miguuni. "Shoga, na joto hili, nguo nyeusi zote hizo za nini? Nani kafa?"

Jioni alikwenda makaburini. Msalaba wa Nestori, wa wiki tisa tu, ulikuwepo, umepinda na kuliwa na mchwa kama wa miaka saba. Halikuonekana jina. Alipiga magoti, asijue kama anamwombea marehemu au anamshtaki. Akasali Baba Yetu, akakwama penye kusamehe, akainuka.

Glory alirudi likizo wiki iliyofuata, mnene, mwenye njaa, mwenye maneno mengi. Siku ya tatu, wakichambua mchele, akauliza bila kuinua kichwa:

"Mama, kwani baba yangu alikuwa nani? Shuleni wameniuliza, nikashindwa kukumbuka hata jina."

Scolastica alitoa punje ya jiwe kwenye ungo, akaitupa mbali. Ukweli ulikuwa umefika kwenye meno. Duniani kote aliyeujua alikuwa yeye peke yake.

"Aliitwa Nestori," alisema. "Alikuwa anaimba besi. Aliugua moyo."

"Akafa?"

"Akafa mapema, mwanangu. Kabla hajamkosea mtu."