Kabla ya Kuingia Barabara Kuu

Kila Jumamosi, jua linapoanza kuchungulia nyuma ya msitu wa Shengena, Irine huwa ameshakata majani ya ng'ombe na kufagia uwanja. Baada ya hapo humsaidia mama yake, Justa, kufunga maharage na ndizi za kupeleka sokoni Same. Miaka mingi watu wa Chome kama wao walingojea gari la kukodi literemshe mizigo. Sasa kaka yake Irine, Fredrick, alikuwa amepata leseni ya udereva, na mjomba wao alikuwa akimwazima pikapu yake kuukuu.

Jumamosi hiyo mama alikuwa na homa, hivyo wakaondoka wawili. Irine alikaa mbele, kushoto kwa kaka yake. Fredrick aliteremka mlima kwa uangalifu, akipiga honi kila kwenye kona. Irine alipotaka kumwonyesha nyani kando ya njia, alimwambia asimsemeshe anapoendesha. Irine akanyamaza.

Walipofika Makanya, barabara yao ya vumbi iliishia kwenye barabara kuu ya lami. Palikuwa na kibao kilichoandikwa SIMAMA. Fredrick alipunguza mwendo, lakini hakusimama. Alitazama kulia, akaona basi likija kwa mbali kutoka Same. Akataka kuwahi kuvuka kabla halijafika, kisha akate kulia kuelekea Same. Kushoto hakutazama.

Irine alitazama. Aliona lori la mizigo likitokea upande wa Hedaru, nalo halikuwa mbali. Alifungua mdomo, akakumbuka alivyoambiwa, akaufunga.

Pikapu iliingia kwenye lami ikiwa imelemewa na mzigo, ikajikokota. Honi ya lori ililia nyuma yao. Dereva wa lori alikanyaga breki, matairi yakafuka moshi, akaona atawagonga. Akakata usukani kushoto, nje ya lami. Huko pembeni alikuwepo Yunus, mkata mkonge kutoka Kigoma, akisukuma baiskeli yake kwenda kazini.

Hakufa. Lakini waliomtoa chini ya lori walitazama mguu wake mmoja kisha wakageuza nyuso.

Watu walijaa. Wengi walisema malori hukimbia mno. Afande Hedwiga wa usalama barabarani alipofika na kuuliza, Fredrick alijibu kwamba alikuwa amesimama, akatazama pande zote, na lori likatokea ghafla likiwa kwenye mwendo wa kasi. Kisha akamnong'oneza dada yake, "Ukiulizwa, sema tulisimama." Irine hakuulizwa. Alimwona dereva wa lori, Amiri, akipandishwa kwenye gari la polisi, shati lake likiwa na damu ya Yunus.

Kesho yake kanisani Irine hakuimba. Jioni hakula. Mama alipomuuliza kama naye ameambukizwa homa, alilia, akasimulia yote, hata lile la kuliona lori na kunyamaza.

Mama aliweka mwiko chini. Alimwita Fredrick, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, ulisimama?"

Fredrick aliinama. "Hapana, mama," alisema. "Kesho nitakwenda polisi mwenyewe."

Walikwenda wote watatu. Pale kituoni Same, Fredrick alieleza ukweli bila kuupunguza, na Irine akaeleza alichokiona. Amiri alipoitwa na kuelezwa, hakufurahi. Irine alimwamkia, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba," kisha akamtazama kwa macho mekundu.

"Nilikuona wewe pale dirishani," alisema. "Nikasema moyoni, huyu mtoto nisimuue. Yule wa baiskeli sikumwona."

Afande Hedwiga alimgeukia Fredrick. Alimwambia kwamba anayetoka barabara ndogo ndiye anayesubiri, hata kama atasubiri mpaka achoke. Husimama kabisa, hutazama kulia, kushoto, na kulia tena, wala haingii mpaka nafasi imtoshe kuingia na kushika mwendo, ili aliye nyuma asilazimike kumkwepa. Lori lenye mzigo, alisema, halisimami pale dereva anapotaka.

Mahakama ilimtia Fredrick hatiani kwa uzembe, ikamwadhibu na kumfungia leseni. Amiri alirudi kwa watoto wake. Mguu wa Yunus ulikatwa, na kazi ya kukata mkonge ikaishia hapo. Fredrick na mama walikwenda kumwomba radhi hospitalini. Yunus aliwasikiliza, akageukia ukutani. Wakarudi tena wiki iliyofuata, na iliyofuata. Mara ya tatu alipokea uji waliomletea.

Siku hiyo Irine alikuwa amefuatana nao. Wakingoja gari la kurudi Chome, aliuliza kama kusema kwake ukweli kumesaidia chochote.

"Kumemtoa mtu asiye na kosa mahabusu," mama alijibu. "Hilo si dogo. Lakini ukweli ukichelewa hutibu nusu tu ya jeraha. Siku nyingine ukiona hatari, sema hapo hapo, hata kama aliye mbele yako ni mkubwa na amekukataza. Na wewe, Fredrick, ukirudishiwa leseni yako, usimame kabla. Kusimama baada ya ajali, kila mtu anaweza."

Fredrick aliitikia kwa kichwa. Gari likafika, wakapanda.