Kichuguu cha Simu

Walikutana benki, foleni imefika mlangoni. Mpishi alijaribu kujipenyeza mbele, na fundi cherehani mwenye gauni la njano akamgeukia. "Kaka, foleni ina mkia. Nenda kaushike!" Mpishi akaenda kuushika, moyo akauacha pale pale.

Miezi minane ya simu ikapita, kisha mpishi akamwalika kwenye kambi ya watalii alikopikia, mahema sita katikati ya pori. Siku ya pili tu, fundi akasikia kwamba kila jioni mpenzi wake huongozana na dobi wa pale, binti mcheshi, hadi kichuguu kirefu nyuma ya mahema. Wawili tu! Hakuuliza. Mchana ule alikipanda peke yake, kwa kuwa ndipo mahali pekee penye mtandao, akampigia dada yake.

"Dada, narudi kesho. Ana mwanamke."

"Umemwuliza?"

"Nimwulize nini? Watu wame..."

Chini yake, hatua kumi hivi, nyati dume alikuwa anamtazama.

"Mbona kimya?"

"Nyati," akanong'ona. Akasogeza mguu nyuma, udongo ukameguka chini ya viatu.

Dobi alikuwa amemwona akipanda, akakimbilia jikoni. Sasa mpishi akatokea, aproni kiunoni, mikono mitupu.

"Mpenzi, usisogee," akasema polepole. "Hapa hatuji peke yetu. Mmoja akipiga simu, mwingine analinda."

"Kumbe dobi..."

"Hunilinda nikikupigia wewe. Maneno yangu matamu yamemchosha, masikini."

Nyati akaifuata sauti. Akamgeukia mpishi, akainamisha kichwa. Fundi akasahau kabisa kujiogopea.

"Rudi! Rudi nyuma, nakuomba!"

Mpishi hakurudi, wala hakukimbia. Alisimama wima, jasho likimtiririka shingoni. Nyati akakoroma, akaparua ardhi kwa kwato, kisha akageuka taratibu na kutokomea vichakani.

Fundi alishuka kwa makalio, gauni likachanika, akamkumbatia kwa nguvu.

"Ungekufa mimi nimekununia," akalia.

"Ulininunia?"

"Usiniulize. Nioe."

"Nilitaka kukuambia mimi, jioni, tukishakula."

"Jioni ni mbali. Sema sasa hivi."

"Nitakuoa," mpishi akasema, macho yake bado yakiwa vichakani. "Ila tembea, mpenzi. Usigeuke nyuma."