Aliyeitikia

Kiama alirudisha wimbo nyuma, akasikiliza, kisha akauliza bila kugeuka, "Siz, ulikuja na nani?"

"Peke yangu," Nadira akasema. "Si wewe ulisema chumba ni kidogo?"

Ni kweli alisema. Studio yake ilikuwa chumba kimoja mjini Ruiru, juu ya duka la mabati, kuta zimebandikwa trei za mayai, na wale wanawake wa mtaa wa Kiandutu, Thika, waliozoea kumwitikia Nadira kwenye Maulidi wasingeenea humo. Kiama alimwambia kwamba kompyuta ingeizidisha sauti yake iwe kama ya watu wengi. Lakini kaswida ile Nadira aliirithi kwa nyanyake, na mwili una mazoea yake. Alipofika mwisho wa ubeti, "Nimebisha kwako, Mola," aliinua mkono kama anavyofanya mbele ya wenzake, akasema, "Itikieni!" Kisha akanyamaza pale ambapo wao wangeimba, "Tufungulie."

Sasa, kwenye rekodi, ndani ya kimya kile kulikuwa na sauti. Ilichelewa kidogo, kama mtu aliyepanda ngazi mbio. Tena haikusema tufungulie. Ilisema, "Ingia."

"Huo ni mwangwi," Nadira akanong'ona.

"Mwangwi gani unabadilisha neno?" Kiama alicheka, kisha akanusa hewa. Palikuwa na harufu ya nywele zinazoungua. Wote wawili walitazama nyaya. Hakuna uliokuwa umeshika moto. "Niitoe?"

Nadira aliomba aisikie tena. Ilikuwa nzuri kuliko sauti yoyote iliyowahi kumwitikia, na kando yake yeye pia alisikika mzuri kuliko alivyowahi kujisikia.

"Iache kwanza," akasema.

Wimbo ulitoka redioni, na kabla msimu wa mvua haujaisha, Ruiru nzima ilikuwa ikisema Ingia. Vinyozi waliliandika neno hilo juu ya milango yao. Makanga waliwaimbia abiria. Kampuni moja ya mafuta ya kupikia ilitengeneza tangazo, baba anarudi nyumbani, harufu ya chapati inamlaki, na sauti ile inaimba. Kanisa moja la Thika lilimwalika Nadira kwenye harambee. Mzee mmoja wa msikiti alimwita kando, akamwambia kwa upole, "Binti yangu, sina ugomvi na riziki yako. Nataka tu kujua dua hii siku hizi inaombwa kwa nani."

Hakuna aliyemtakia mabaya. Watu walikuwa na mizigo yao, na neno lile liliwatua kidogo. Ila hakuna aliyetaka aimbe bila hilo. Jukwaani alianza kuona jinsi nyuso zilivyovumilia ubeti, zikimsubiri anyamaze.

Kisha ile sauti ikaanza kumwitikia nyumbani, katika chumba alichopanga mtaani Kiuu. Jioni moja alisema "Bismillahi" akipakua sukumawiki, na kutoka kwenye karai la vyombo vichafu ikaja "Ingia", imechelewa pumzi moja kama siku ile ya studio. Alisimama na mwiko mkononi mpaka chakula kikapoa. Siku zilizofuata haikuchelewa tena, ikawa inaingia pamoja na neno lake la mwisho, halafu juu ya lile lililotangulia, ikimsogelea ndani ya sentensi kama mtu anayejisukuma polepole kwenye kiti cha mwenzake, hadi asubuhi moja alipokwenda kuomba chumvi kwa jirani, mama mmoja anayeitwa Nekesa, akaisikia sauti yake mwenyewe, ile tamu ya redioni, ikiomba chumvi na kuulizia hali ya watoto na kucheka panapostahili kucheka, na Nekesa akicheka nayo, ilhali yeye Nadira alikuwa bado hajaanza kusema, amesimama tu na kikombe kitupu, na harufu ya nywele zinazoungua ikimpanda kutoka kooni mwake.

Alikimbilia Thika, kwa shangazi yake Mwanamisi, kiongozi wa wale wanawake wa Kiandutu. Mwanamisi alimsikiliza, akafunga mlango.

"Ulisema itikieni?"

"Ndiyo, shangazi. Ni mazoea."

"Na sisi hatukuwepo." Alishusha sauti. "Wewe mtoto! Neno hilo ni mwito. Unamwitaje mtu chumba kikiwa kitupu?"

Wakamwita Ustadh Fahim, kijana anayefundisha watoto madrasa. Alikuja akisita. "Mama, mimi si mganga wa majini," akasema. Hata hivyo alimsomea Nadira Kurani, akipulizia bakuli la maji, mpaka midomo ya Nadira ikafunguka na sauti ile ikasema, bila hasira yoyote, "Aliita. Waliostahili kuja hawakuja, nikaja mimi. Kosa langu ni lipi?"

Baadaye Fahim aliwaambia anachoamini: wimbo ule ukome kupigwa, kisha Nadira auimbe upya mbele ya wale wanawake, mwito upate wenye kuuitika.

Mwanamisi alimpigia Kiama. "Haki ya Mungu nimeshaifuta rekodi kwangu, mama," Kiama akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu asiyelala vizuri. "Lakini iko kwa simu za watu. Kampuni ile ya mafuta nayo inasema ni mali yao. Sitawadanganya. Haiwezi kutoka."

Wakaamua kufanya lile lililowezekana. Baada ya alasiri wanawake walijazana chumbani kwa Mwanamisi, bega kwa bega, matari mapajani. "Leo hatuulizi mshahara, staa wetu," mmoja akatania, na wengine wakacheka ili wasiogope. Mwanamisi aliukamata mkono wa Nadira.

Kaswida ikaanza. Ubeti ulipanda safi, kama nyanya alivyoufundisha, bila madoido, na ulipofika "Nimebisha kwako, Mola," chumba kizima kikajibu, "Tufungulie." Hakuna aliyesema Ingia. Harufu haikuwepo. Walikwenda hivyo hadi mwisho, machozi yakimtiririka Nadira, kifua chake chepesi, na tari la mwisho liliponyamaza Fahim akasema, "Alhamdulillahi. Imeondoka."

Mwanamisi alikuwa akiutazama mkono alioushika.

"Nani alikuwa anaongoza?" akauliza.

"Si ni Nadira?" wakasema wenzake.

"Nadira alikuwa akiitikia pamoja na mimi. Hapa, ubavuni mwangu. Nimemsikia, tufungulie, tufungulie, mpaka mwisho." Alimgeukia, akamshika mashavu, akanong'ona, "Mwanangu. Nijibu wewe."

"Nimepona, shangazi," ikasema ile sauti tamu kutoka kinywani mwa Nadira. "Mungu awabariki nyote. Nimepona kabisa."

Wanawake wakapiga vigelegele. Fahim akajifuta uso kwa kanzu.

Mle ndani, Nadira alimsikia shangazi yake vizuri. Alikuwa na mengi ya kumwambia. Akavuta pumzi, akasubiri mwenzake mwenye ile sauti amalize, ili zamu yake ifike.